China Haikuishi Peke Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia Yake na Dunia

Shuleni wengi wetu tuliikuta China mara mbili tu: kwanza kwenye orodha ya wageni waliofika pwani kabla ya Wareno, kisha kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Katikati pana pengo la zaidi ya miaka mia tano. Majibu yafuatayo yanaliziba pengo hilo kwa kuitazama China pamoja na watu waliofanya nayo biashara, waliopigana nayo, na waliovamiwa na mataifa yaleyale yaliyoivamia. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Je, ni kweli China ilijifungia nyuma ya ukuta wake?

Hapana, ingawa imani hii imeota mizizi. Ukuta mkubwa unaopigwa picha leo karibu na Beijing ni kazi ya enzi ya Ming (1368–1644), na ulikusudiwa kuwazuia wapanda farasi wa nyika za kaskazini. Kusini na mashariki kuna pwani ndefu isiyo na ukuta wowote, na huko ndiko bandari za Guangzhou na Quanzhou zilikowapokea Waarabu, Waajemi na Wahindi. Msikiti wa Qingjing mjini Quanzhou ulijengwa mwaka 1009. Hata kwa kazi yake ya kijeshi ukuta ule haukutosha: mwaka 1644 jemadari Wu Sangui aliwafungulia Wamanchu lango la Shanhai, wakaingia na kuitawala nchi hadi 1912.

Vipindi vya marufuku vilikuwepo. Ming waliwakataza raia kufanya biashara ya baharini, wakalegeza amri hiyo mwaka 1567. Wafalme wa Qing, yaani Wamanchu hao, waliwabana wafanyabiashara wa Ulaya katika bandari moja ya Guangzhou kuanzia 1757. Lakini amri ya mfalme ni jambo moja na njaa ya watu wa Fujian, mkoa wenye milima mingi na mashamba machache, ni jambo jingine. Waliendelea kusafiri kwa magendo, wakahamia Manila, Java na Malaka. Picha ya nchi iliyolala usingizi ilikuzwa sana katika karne ya 19, na walioikuza zaidi walikuwa watu waliotaka kisingizio cha kuvunja milango kwa mizinga.

Uhusiano wa China na Bahari ya Hindi ulianza lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta mabaki ya chombo kilichozama katika karne ya 9. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kauri vipatavyo 60,000, vingi vikiwa mabakuli kutoka tanuri za Changsha, yamepangwa na kufungashwa kwa uangalifu. Yamechorwa kwa brashi, rangi ya kahawia na kijani: ndege, samaki, maua, na mengine yana mistari inayoiga maandishi ya Kiarabu. Bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Hebu fikiria: mafundi wa bara kabisa, mamia ya kilomita kutoka baharini, wanachora kwa kufuata ladha ya mnunuzi wa Ghuba ambaye hawatamwona maisha yao yote.

Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kwa ufundi wa magharibi ya Bahari ya Hindi, ufundi wa ukoo mmoja na mitepe iliyokuwa ikiundwa Lamu. Kwa hiyo tayari katika karne ya 9 bidhaa za China zilikuwa zikibebwa na mabaharia wa Ghuba wanaofuata pepo za kaskazi na kusi.

Na mzigo haukwenda upande mmoja. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu kwa mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, kama Waarabu walivyoiita pwani hii, zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikaendelea hadi India na China. Mwaka 1225, Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Quanzhou, aliandika kitabu kuhusu nchi za ng'ambo, na humo akaitaja nchi aliyoiita Cengba, ambayo wanahistoria wengi wanaichukulia kuwa pwani ya Zanzibar. Bidhaa zake, anasema, ni pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Inachonunua ni nguo za pamba, kauri na shaba. Zhao hakufika huko. Aliwauliza mabaharia waliokuwa wakipita ofisini kwake, na kwa mtu aliyeandika kwa kusikia, alisikia vizuri.

Karatasi, baruti, dira na uchapaji vilitokaje China hadi kwingine?

Kwa njia tofauti, na si zote zinazojulikana hatua kwa hatua. Simulizi maarufu inasema karatasi ilifika kwa Waislamu baada ya vita vya Talas kati ya Waarabu na Wachina mwaka 751, pale mateka wa Kichina walipofundisha ufundi huo Samarkand. Inapendeza kusimulia, lakini karatasi ilikuwa ikitumika Asia ya Kati kabla ya vita hivyo, kwa hiyo wafanyabiashara na watawa wa Kibudha wanastahili sifa zaidi kuliko mateka. Dira yenye sindano ya sumaku ilielezwa na msomi Shen Kuo mwaka 1088. Katika kitabu hichohicho alimweleza fundi Bi Sheng, aliyebuni herufi za udongo za kuchapia katika miaka ya 1040, yaani karne nne kabla ya Gutenberg. Huko Sichuan, mwaka 1024, serikali ya enzi ya Song ilianza kutoa noti za karatasi.

Baruti ndiyo iliyobadilisha mizani ya dunia. Wachina waliitumia vitani kwanza, na vita vya Wamongolia katika karne ya 13 vilisaidia kuieneza magharibi. Karne sita baadaye ilirudi Guangzhou ndani ya mizinga ya Waingereza.

Utawala wa Wamongolia ulikuwa maafa au neema?

Vyote viwili, na aliyekufa Baghdad au Kaifeng hakuona neema yoyote. Ila kwa vizazi kadhaa nchi kavu kutoka Bahari Nyeusi hadi Beijing ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, na safari zikawa rahisi kuliko kabla. Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331, na katika miaka ya 1340 akafika Quanzhou. Mtu mmoja, katika maisha yake, aliswali na Waislamu wa Kilwa na wa China.

Zheng He alikuwa nani, na kwa nini safari zake zilikoma?

Alizaliwa mwaka 1371 katika familia ya Kiislamu mkoani Yunnan. Jeshi la Ming lilimteka akiwa mtoto, likamhasi, akakua kama towashi katika nyumba ya mwanamfalme ambaye baadaye alijitwalia kiti na kuwa mfalme Yongle. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba. Ya kwanza peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 27,000. Vipimo vya merikebu kubwa zinazotajwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 120 vinatiliwa shaka na wataalamu wa kuunda vyombo, lakini hata ukivipunguza kwa nusu bado hakukuwa na msafara wa kufananishwa nao.

Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea Yongle twiga. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshapokea twiga mwingine kutoka Bengal. Wasomi wa ikulu walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi anayetokea mfalme mwema anapotawala, wakatunga mashairi ya kumsifu. Kwa mtu aliyempindua mpwa wake ili atawale, ishara kama hiyo ilikuwa na thamani kuliko dhahabu. Safari ya tano (1417–1419) iliwarudisha wajumbe makwao na kufika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Kuna wanaoipamba historia hii kuwa ya urafiki mtupu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1407 Zheng He alimkamata mkuu wa maharamia huko Palembang, akapelekwa kuuawa. Miaka michache baadaye alipigana Sri Lanka na kumpeleka mtawala wake China kama mateka. Tofauti na Wareno ni kwamba hakujenga ngome wala kutwaa miji ya pwani yetu.

Sababu za kukoma ni za kawaida kabisa: gharama, vita na Wamongolia kaskazini, mji mkuu kuhamishiwa Beijing mwaka 1421, kifo cha Yongle mwaka 1424, na wasomi wa serikali waliowachukia matowashi na miradi yao. Biashara ya watu binafsi haikufa. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, miaka 65 baada ya safari ya mwisho, bado sahani za China zilikuwa zikiliwa chakula katika nyumba za mawe za pwani. Kufikia 1505 Wareno walikuwa wameishambulia Kilwa.

Je, Wachina waligundua Amerika? Na watu wa Siyu ni wajukuu wa mabaharia wa Zheng He?

Kuhusu Amerika: hapana, hakuna ushahidi wowote. Kuhusu Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, Kenya: masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliookoka merikebu ilipozama na kuoa hapo yapo, na wazee wanayasimulia kwa dhati. Masimulizi ni ushahidi wa aina yake na yanastahili heshima. Sarafu za Yongle, duara zenye tundu la mraba katikati, zimechimbuliwa Mambrui na kisiwani Manda. Sarafu hizo zinathibitisha mzunguko wa biashara. Hazitaji jina la aliyezileta.

Kwa nini madini ya fedha yanatajwa sana katika historia ya China?

Kwa sababu ndiyo yaliyoifunga dunia yote fundo moja kwa mara ya kwanza. Serikali ya Ming ilichapa noti nyingi mno hadi zikapoteza thamani. Watu wakaanza kulipana kwa vipande vya fedha, na hatimaye, chini ya waziri Zhang Juzheng, kodi nyingi zikaunganishwa zilipwe kwa fedha, sera iliyoenezwa nchi nzima mwaka 1581. Nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani ikahitaji fedha, na migodi yake ilikuwa haba.

Fedha ikatoka Japani, na ikatoka Potosí, katika Bolivia ya leo, mlima ambao Wahispania walianza kuuchimba mwaka 1545 kwa kuwalazimisha wenyeji wa Andes washuke mashimoni kwa zamu. Baada ya Wahispania kuuteka mji wa Manila mwaka 1571, merikebu zao zilivuka Pasifiki karibu kila mwaka kutoka Acapulco zikiwa na fedha, na kurudi na hariri na kauri, hadi 1815. Mkulima wa Fujian aliyelipa kodi yake alikuwa anashika jasho la mchimbaji wa Andes.

Merikebu hizohizo zilileta mbegu. Viazi vitamu vilifika Fujian kutoka Luzon, kisiwa ulipo mji wa Manila, mwishoni mwa karne ya 16, vikafuatana na mahindi na karanga. Mazao haya yaliota kwenye miteremko ambako mpunga haukubali, na yalichangia idadi ya watu wa China kuongezeka hadi kupita milioni 400 kufikia katikati ya karne ya 19. Kwetu pia mahindi na mihogo vilitoka Amerika, kupitia Wareno. Anayesema ugali ni chakula cha asili cha mababu zetu na Mchina anayesema hivyo kuhusu kiazi kitamu wanasimulia historia moja bila kujua.

Vita vya Afyuni vilikuwa vya nini hasa?

Waingereza walipenda chai, na Wachina hawakuhitaji sana nguo za sufu za Uingereza, kwa hiyo chai ililipiwa kwa fedha. Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ikapata bidhaa mbadala: afyuni iliyolimwa Bengal, ikauzwa kwa mnada Calcutta, kisha ikaingizwa China kwa magendo. Kufikia miaka ya 1820 fedha ilianza kutiririka kutoka China badala ya kuingia.

Mwezi Juni 1839, ofisa Lin Zexu aliteketeza makasha zaidi ya 20,000 huko Humen. Hakuyachoma moto. Alichimbisha mitaro mikubwa, akaijaza maji, chumvi na chokaa, afyuni ikayeyushwa humo na kutiririshwa baharini wakati maji yanapwa. Uingereza ikatuma manowari. Kwa mkataba wa Nanjing wa 1842 China iliachia Hong Kong, ikafungua bandari tano na kulipa fidia ya dola milioni 21 za fedha. Kulipishwa fidia kwa dawa ya kulevya iliyoingizwa kwa magendo ni dhuluma, na sioni sababu ya kuiita kwa jina laini.

Siku chache kabla ya Humen, mwishoni mwa Mei 1839, Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Waingereza Zanzibar. Yeye hakupigwa mizinga. Lakini ni dola ileile, katika bahari ileile, ikijipangia masharti kwa kila mtawala kwa nguvu aliyonayo.

Wajerumani waliotawala Tanganyika walihusika vipi na China?

Kwa karibu sana, na nashangaa kwamba vitabu vyetu havilisemi. Mwezi Novemba 1897 Ujerumani iliteka ghuba ya Jiaozhou mkoani Shandong, ikajenga mji wa Qingdao. Wakati huo Mkwawa alikuwa bado msituni akiwindwa. Alijiua mwaka uliofuata.

Mwaka 1900 vijana wa Yihetuan, waliojulikana Ulaya kama Mabondia, waliinuka dhidi ya wamishonari na wageni. Walikuwa na mazoezi na ibada walizoamini zinaufanya mwili usipenywe na risasi. Miaka mitano baadaye, kusini mwa Tanganyika, maji ya Kinjikitile Ngwale yalitolewa kwa ahadi hiyohiyo. Hawakuambizana. Watu wasio na bunduki za kutosha, wenye mashamba yaliyobanwa na heshima iliyovunjwa, walitafuta nguvu mahali palipobaki.

Waliowakandamiza, kwa upande mwingine, walikuwa wakihama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Lothar von Trotha alihudumu Afrika Mashariki miaka ya 1890 wakati wa vita dhidi ya Wahehe, akaenda China kwenye vita vya 1900, na mwaka 1904 akatoa amri ya kuwaangamiza Waherero huko Namibia. Paul von Lettow-Vorbeck naye alipita China na Namibia kabla ya kuja kupigana hapa mwaka 1914 hadi 1918. Mbinu walizojifunza kwenye vijiji vya watu mmoja walizibeba hadi kwa watu wengine. China nayo ilitozwa faini ya taeli (kipimo cha uzito cha Kichina) milioni 450 za fedha, ilipwe kwa miaka 39.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Wafanyakazi wa Kichina wapatao 140,000 walipelekwa Ulaya kuchimba mahandaki na kupakua mizigo kwa ajili ya Uingereza na Ufaransa, wakati huku kwetu mamia ya maelfu ya wapagazi walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi na kufa kwa njaa na kuhara. Vita vilipokwisha, mkataba mmoja wa Versailles, wa 1919, ulizigusa nchi zote mbili. Shandong haikurudishwa kwa China. Haki za Ujerumani zilipewa Japani. Ujerumani ikayaachia makoloni yake, Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Habari zilipofika Beijing, wanafunzi waliingia barabarani tarehe 4 Mei 1919, na kutoka katika maandamano hayo walitoka vijana walioanzisha Chama cha Kikomunisti mwaka 1921.

Tunaweza kuusifu mchango wa China kwa Afrika bila kuyasahau mateso ya Wachina wenyewe?

Ni lazima. Baada ya 1949 serikali ya Mao Zedong ilimaliza enzi ya bandari za wageni. Serikali hiyohiyo, kwa sera za Mruko Mkubwa kuanzia 1958, ilisababisha njaa iliyoua makumi ya mamilioni ya wakulima. Msomaji wa Tanzania anayeikumbuka TAZARA kwa upendo anapaswa kujua kwamba waliotoa mkopo wa kuijenga walitoka kwenye njaa miaka michache nyuma, na kwamba nchi yao ilikuwa ndani ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni wakati reli inajengwa.

Kwa nini China ilijenga TAZARA?

Baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita kwao. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema reli hiyo haina faida. Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda wakakubaliana na Beijing mwaka 1967. Reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye madaraja na mahandaki mengi, ndicho kilichowatoa watu jasho zaidi. China ilikuwa na hesabu zake pia: ilikuwa imegombana na Marekani na Umoja wa Kisovieti kwa wakati mmoja, ikihitaji marafiki.

Marafiki hao walihesabika tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoipa Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35. Kura nyingi zilitoka Afrika, na balozi kijana wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia waziwazi ukumbini. Miaka kumi baadaye, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimpigia kura ya turufu, na China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, tena na tena, hadi wote wawili wakajitoa na Javier Pérez de Cuéllar akachaguliwa.

Ninaweza kuona wapi alama za historia hii?

Kenya, nenda Gedi, kusini ya Malindi, au makumbusho ya Fort Jesus Mombasa, ambako kauri za China zilizochimbuliwa zinaonyeshwa. Tanzania, anza na Kaole, jirani na Bagamoyo, na Kunduchi, Dar es Salaam. Kwenye makaburi ya nguzo utaona vishimo vya mviringo katika chokaa: humo yalikaa mabakuli na sahani, na mengi yamebanduliwa na wezi. Ukibahatika kukuta kipande kilichobaki, kitazame karibu, maana rangi ya samawati bado inang'aa, na usikiguse. Makaburi ya mafundi wa Kichina waliofariki wakati wa ujenzi wa TAZARA yako Majohe, upande wa Gongo la Mboto, na stesheni ya reli yenyewe iko njiani kuelekea huko.